Ua Lililokataa Shibe

Wiki iliyopita nilisimama pale Ipuli, hapa hapa Tabora, kwa mama mmoja anayeuza miche ya maua kandokando ya barabara. Nilitaka kitu cha kuweka barazani, kitu cha kunilazimisha kutoka kitandani asubuhi nikakimwagilie maji. Yule mama akanichagulia chungu, akachota udongo mweusi kwenye kiroba na kuupondaponda mbele yangu, anauringia kabisa. "Bibi, huu una samadi ya kutosha," akaniambia. "Chomeka hata kijiti humu, kitaota." Nikamjibu kwamba yapo maua yanayokufa kwa udongo mzuri. Alicheka sana, akadhani natafuta sababu ya kutonunua. Nilinunua. Nikarudi nyumbani na chungu kifuani, machozi yananitoka njia nzima, mtu mzima mimi, na watoto wa shule wananishangaa.

Nawe rafiki yangu, kwa kuwa umekaa, nikueleze kilichoniliza.

Nilizaliwa wakati wa Mwingereza, kwenye kijiji kilichokuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka mjini Tabora, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Siku zetu njia hiyo ilikuwa imeshapoteza heshima yake. Reli ilikuwa imeipokonya kazi, na sisi tuliipita tu kwenda kisimani au kuokota uyoga. Lakini bibi yangu, mama yake baba, alikuwa binti wa mpagazi. Alitusimulia jinsi baba yake na wenzake walivyorudi kutoka pwani mabega yamechubuka, na walivyoanza kuimba mara tu walipokiona kilima chetu, maana hapo safari ilikuwa imekwisha.

Kilima chenyewe hakikuwa cha kujivunia. Mawe yake yalikuwa ya kijani, ukiyashika yanateleza kama sabuni iliyolowa. Miti ya miyombo ilipanda vizuri kutoka bondeni, ikifika mahali fulani ikasimama yote pamoja, ungedhani mtu amechora mstari akaikataza kupita. Juu ya mstari kulikuwa na nyasi chache zilizodumaa na udongo wa rangi ya majivu. Punje ya mtama ikidondoka pale ilichipua, ikawa njano, ikafa kabla ya kufika magotini. Watu wazima walikiita Kilima cha Njaa. Hata mbuzi hawakupoteza muda wao huko.

Na ni huko tu lilikoota ua lile. Mvua za kwanza zikigusa ardhi, siku chache baadaye unaliona linachungulia kati ya mawe: zambarau iliyofifia, moyo wa njano, majani manene yenye manyoya, urefu wa kidole cha mtu mzima. Linachanua wiki mbili, basi. Bondeni hulipati, vilima vingine hulipati. Bibi aliliita mkataa shibe. "Hili lina kiburi," alikuwa akisema, huku anatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, kwa upande wenye meno. "Likaribishe kwenye chakula uone litakavyonuna." Mimi nilicheka tu, sikujua kama ananifundisha kitu.

Mama alifariki nikiwa na miaka sita, katikati ya masika, mashamba yote yamejaa maji. Wanaume walichimba kaburi mara mbili, na mara zote mbili maji yakapanda. Mwishowe wakamzika ubavuni mwa kilima, pale kwenye mstari miyombo inapoishia, kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Katekista alisali haraka haraka, mvua inamnyeshea. Mwaka uliofuata, mvua za kwanza ziliponyesha, bibi alinishika mkono akanipeleka. Kaburi lote lilikuwa zambarau. Sijaona tena maua yale yakiwa mengi kiasi kile mahali pamoja, labda kwa kuwa udongo ulikuwa umetifuliwa. "Mwangaluka, mkwe wangu," bibi akaliamkia kaburi kwa Kinyamwezi, kama alivyomwamkia mama kila asubuhi uani. Kisha akanigeukia. "Mama yako kapata kanga mpya. Msalimie." Nikasema shikamoo mama. Tangu siku hiyo, kwangu mimi, mama na ua lile vikawa kitu kimoja. Usinicheke. Mtoto wa miaka saba alitakiwa amweke wapi mama yake?

Baba hakuwa mtu wa maua. Baba alikuwa mtu wa udongo. Mkulima kama yeye sijamwona tena, na nimeishi na wakulima maisha yangu yote. Alikuwa akishika udongo, anauminya, anaunusa, halafu anaweka kidogo kwenye ncha ya ulimi na kufumba macho. "Huu una adabu," angesema. Au, "Huu mchoyo, tuuache." Majirani walimwita awachagulie mahali pa kulima karanga. Matuta yake yalinyooka, na jioni alirudi akinuka jasho na moshi wa kuchoma visiki, akanibeba mabegani hadi mlangoni. Tangu mama aondoke hakuongea sana. Alinipa mkia wa samaki, ambao wote nyumbani tuliupenda, akajifanya hana hamu. Ndiyo ilikuwa lugha yake.

Nilipofika miaka tisa, bwana shauri wa serikali alikuja na karani wake, watu wakakusanyika. Akasema pori letu limejaa mbung'o, na malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na inzi hao, umeshaua watu vijiji vya jirani. Kabla kiangazi hakijaisha tuwe tumehama wote, twende makazi mapya upande wa Kigwa, karibu na reli, ambako miti imekatwa ili mbung'o wakose kivuli. Atakayeonekana porini bila cheti atashtakiwa. Watu wazima walinung'unika habari za mizinga yao ya nyuki na mihogo iliyokuwa bado ardhini. Mimi nilielewa jambo moja tu, kwamba tunaondoka na mama anabaki.

Basi bibi, bila kumwambia mtu, akachukua debe. Tulikwea hadi kaburini mimi na yeye, tukachimbua miche mitatu ambayo kiangazi kilikuwa bado hakijaikausha, na udongo wake ule wa majivu, tukijaza debe hadi ukingoni. Baba alipotuona akatikisa kichwa. "Mama, udongo huo hata magugu yanaukataa." Lakini alilifunga debe nyuma ya baiskeli yake, akaisukuma siku tatu kwenye mchanga. Kila tulipopumzika nilifunua kitambaa kilicholifunika, nikawanyunyizia maji kidogo. Ndiyo, niliwaita wao. Nilikuwa mtoto.

Makazi mapya yalikuwa uwanja mtupu wenye visiki. Baba alijenga, akalima matuta, akafanya kazi kupita kiasi. Na asubuhi moja nilipoamka nilimkuta amechuchumaa kando ya debe langu, anatabasamu, jambo ambalo lilikuwa limeadimika. Alikuwa ametembea alfajiri hadi kwenye zizi la zamani la ng'ombe, akachota udongo mweusi, ule bora kabisa, ambao angeweza kuutia kwenye mboga zetu. Udongo wa kilimani alikuwa ameumwaga njiani, kuziba shimo. "Nimemtandikia mama yako," akasema. "Alikuwa analala vibaya."

Wiki ya kwanza majani yalinenepa, na nilimkumbatia baba shingoni. Wiki ya pili yakawa laini kama mboga iliyopikwa. Bibi alikuwa amekwenda kumwona dada yake. Aliporudi, aliuona tu ule weusi ndani ya debe akakaa chini kwa kishindo. "Mwanangu, umefanya nini?" alimwambia baba. Miche ikaoza kuanzia shinani, yote mitatu. Nilipoung'oa wa mwisho ulitoka mkononi bila mzizi.

Nilisimama mbele ya baba, alikuwa ananoa jembe. Nikamwambia, "Mama alikufa, wewe ukamuua tena."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliendelea kunoa jembe ambalo lilikuwa limeshakata vizuri, na usiku alikula kidogo. Asubuhi hakuwepo, na baiskeli haikuwepo. Bibi alidhani amekwenda mjini kutafuta kibarua.

Alirudi siku ya tano, midomo imepasuka, na nyuma ya baiskeli gunia limefungwa kwa kamba za magome. Alilifungua mbele yangu. Ulikuwa udongo wa majivu wenye vipande vya mawe ya kijani. Alikuwa ameingia pori lililokatazwa, bila cheti, hadi kaburini kwa mama. Ilikuwa kiangazi kikali, juu ya ardhi hakukuwa na hata jani moja. Akachukua udongo wenyewe. "Mbegu zimo humu," akaniambia. "Lazima zimo. Mvua zikinyesha litaota, utaona." Alilisafisha debe mara tatu, hakuacha hata chembe ya weusi, akajaza. Mimi sikumshukuru. Nilikuwa bado nimenuna, na niliona kununa ni haki yangu.

Nyuma ya shingo alikuwa na kijipu, pale mbung'o alipomuuma. Siku chache baadaye akaanza homa. Alisema ni uchovu, na kwenda zahanati hakutaka, maana wangemuuliza alikuwa wapi. Tulimwona akikosea matuta. Tulimwona akisinzia na tonge mkononi. Bibi alipomlazimisha, na majirani wakampakia kwenye treni hadi hospitali mjini, alichomwa sindano nyingi, lakini alikuwa amechelewa sana. Alipoona hapati nafuu, aliomba arudishwe akalale kwake.

Mvua zilikuwa zimeanza. Kila asubuhi nilitoka kulitazama debe, na kila asubuhi lilikuwa na udongo na maji. Baba alilala mchana kutwa, kumwamsha ilikuwa kazi, tulimwita na kumtikisa. Lakini akifumbua macho aliniuliza neno moja tu: "Limeota?"

Bibi aliniita jikoni. "Mwambie limeota," akaniambia, analia bila kujificha. "Mjukuu wangu, nakuomba. Mwambie tu." Mimi nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, na katekista alikuwa ametufundisha kwamba uongo ni dhambi. Ndiyo sababu niliyompa bibi. Sababu ya kweli nilikuja kuijua nilipokuwa mtu mzima: kulikuwa bado na kipande cha hasira ndani yangu, kidogo, na sikutaka kukiachia bure. Jioni ile baba akafumbua macho. "Limeota?"

"Bado," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mkulima anayeambiwa habari za mvua. Akalala. Hakuamka tena.

Siku hizi watu wamerudi hadi karibu na kilima, malale yamesahaulika, na njia ya wapagazi imegeuka mashamba ya tumbaku. Nasikia kilima kipo na ua bado linaota. Sijawahi kurudi. Watoto wangu wamenibembeleza, mmoja hata alikuja na gari. Bibi alikufa, na sidhani kama amebaki mtu mwingine anayejua kwamba liliitwa mkataa shibe. Wanaolipita sasa wanaliona ua tu, na hawana kosa. Kilichopotea si ua. Waliopotea ni watu waliolihitaji, na yule mtu aliyejua udongo wote wa Unyamwezi isipokuwa mmoja, akaufuata huo mmoja porini kwa ajili yangu.

Nimekaribia kumaliza, vumilia kidogo.

Tulimzika baba nyuma ya nyumba, kwenye udongo aliouchagua mwenyewe. Siku ya nane nilikwenda kwenye debe kwa mazoea tu, sikuwa na tumaini lolote. Kati ya vijiwe viwili vya kijani kulikuwa na majani mawili madogo, manene, yenye manyoya. Nilichuchumaa nikayagusa kwa kidole ili nihakikishe. Kisha nikakimbia hadi kaburini, nikapiga magoti kwenye tope. "Baba," nikasema, "limeota." Nikasubiri. Nikasema tena kwa sauti, halafu nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, nikipigapiga ule udongo kwa viganja, kwa sababu siku zile baba alikuwa mgumu sana kuamka.