Siku ya Kumsimamisha Mama Rivka

Nilifunga safari ya kwenda Ngoliba kwa sababu rafiki yangu alikuwa amekaa chini. Namaanisha chini kabisa, kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa, ndani ya nyumba yake, na alipaswa kukaa hapo siku saba za kuomboleza, kwa desturi ya kwao. Mama Rivka ni Myahudi. Alikuja Kenya zamani kufundisha wakulima wa Ngoliba kunywesha mipapai kwa mipira yenye vitundu, na kabla hajajenga kule shambani alipanga nyumba huku kwetu Gatongora, Ruiru, karibu na duka la mahindi. Mimi ndiye nilikuwa nikimfulia na kumpikia. Sasa ndugu yake Yoeli, wa mwisho kubaki katika nyumba yao, alikuwa amefariki huko kwao. Kwa desturi yao mtu huzikwa upesi sana, na Yoeli alizikwa siku ile ile, kabla dada yake hajapata hata tiketi ya ndege.

"Nakaa chini, Mama Nafula," aliniambia kwa simu. "Wayahudi wenzangu wa Nairobi walikuja, wakarudi kazini. Sasa niko peke yangu."

Haki nililia kama aliyefiwa ni mimi.

Jumapili nilisimama kanisani nikaeleza, watu wakasikitika, na baada ya ibada Pasta akaniita kando. Akaniuliza, "Umekaa na huyu mama miaka hii yote. Umewahi kumwambia habari za Yesu kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo, bado, Pasta."

"Basi safari hii usirudi bila kusema."

Sitasema alinilazimisha. Yesu nampenda, na Mama Rivka nampenda, na siku zote iliniuma kwamba hawa wawili hawajuani. Lakini niliogopa pia. Kule Gatongora niliwahi kuwaona watu wa kugawa karatasi za injili wakigonga kwake. Hakuwatukana. Alifunga lango polepole tu, na hakuwafungulia tena kamwe. Nikajiuliza, nikisema vibaya na mimi, je, nitafungiwa lango hilo? Nitampoteza rafiki na neno lenyewe lianguke nje?

Jumanne asubuhi, Gatongora. Baba Kimani, jirani yetu anayeuza chakula cha kuku, alikuwa anapeleka magunia Ngoliba, akakubali kunibeba kwenye pikapu yake. Nilivaa gauni la kanisani, nikatia Biblia na sweta kwenye kiondo, nikafunga mlango. Njiani nilijaribu kupanga maneno yangu. Kila nikifika katikati, Baba Kimani ananiuliza bei ya mahindi, nayo maneno yanatawanyika.

Tulipofika Thika tuliingia mtaa wa Landless kumchukua Mama Shiru. Huyu ni mwenyekiti wa kina mama wa tawi la kanisa letu la huko, na wacha niseme ukweli, huyu mama ana moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Tulimkuta barabarani tayari, amebeba sufuria iliyofungwa kwa leso.

"Ni nini hiyo?" nikamuuliza.

"Kuku. Nimemchinja asubuhi na mkono wangu. Nimemtia na maziwa kidogo, supu ikawa nzito, wewe utaona!"

Woi! Nilitaka kumwambia. Nilijua kwamba Mama Rivka hachanganyi nyama na maziwa, hata sufuria zake za nyama ziko upande mmoja na za maziwa upande mwingine, na kuku wake lazima achinjwe na mtu wao. Lakini nikaangalia uso wa Mama Shiru unavyong'aa kwa furaha, nikasema, "Inanukia vizuri." Nilikuwa mwoga, basi.

Kwenye barabara ya Garissa mashamba ya mananasi yaliandamana nasi kwa muda, mistari mirefu ya kijani, halafu nchi ikaanza kukauka. Udongo ukawa mwekundu, miti ikawa ya miiba, na joto likaingia ndani ya pikapu. Mama Shiru alikuwa akifanya mazoezi ya salamu zake. Alikuwa na mpango kamili: tutaingia na wimbo, tutajitambulisha mmoja mmoja, tutaomba, yeye atasoma neno, halafu mimi nitashuhudia. Ndivyo tunavyofanya matanga yote. Hata kwetu Bungoma, mtu akiingia kwa wafiwa kimya kimya, watu hujiuliza kama ndiye aliyemloga marehemu.

Baba Kimani alicheka mpaka tukakanyaga shimo.

Ngoliba tulifika jua likiwa la utosi. Nyumba ya Mama Rivka iko mwisho wa njia ya vumbi, na nyuma yake ni mipapai mpaka macho yanachoka. Baba Kimani alituacha langoni akaenda kushusha magunia yake. Mama Shiru akasafisha koo, akaanzisha wimbo. Mimi nikaitikia. Tukavuka ua mzima tukiliimba jina la Yesu kwa sauti, tukipiga makofi, mpaka sebuleni.

Mama Rivka alikuwa kwenye kreti yake, miguu bila viatu, nywele nyeupe zimetawanyika. Kioo cha ukutani kilikuwa kimefunikwa shuka. Shati lake lilikuwa limechanika shingoni, na alituangalia tu, bila kusimama, bila kusema karibu. Wimbo ulitufia mdomoni.

"Bwana asifiwe," alisema Mama Shiru. Kimya.

"Naitwa Mama Shiru, nimeokoka, na ninampenda Bwana." Kimya.

Mwingine angekaa. Mama Shiru akaona lile shati, huruma ikamjaa, akafungua mkoba wake na kutoa sindano na uzi. "Ngai! Hata shati limeraruka na hana wa kumshonea! Mama, usijali, dakika moja tu." Akapiga magoti mbele yake na kushika ile kola.

Hapo Mama Rivka aliinua kiganja. Hakumsukuma, alimshika mkono tu. "Tafadhali," akasema kwa kile Kiswahili chake alichofundishwa na wakulima. "Hili nimelirarua mimi, kwa ajili ya ndugu yangu. Halishonwi. Na kwetu, mgeni hunyamaza mpaka mwenye msiba aseme."

Nilitamani sakafu inifunike. Miaka yote ile nimefua shuka zake, sikuwahi kumuuliza kwao huomboleza vipi.

Basi tulikaa. Nilivua viatu nikakaa sakafuni kando yake, na Mama Shiru naye akakaa, sindano bado mkononi. Jamani, kunyamaza ni kazi! Nilisikia kuku wa nje wakiparura, nikasikia pampu ya maji ikianza na kuzima. Mama Shiru alifungua mdomo mara kadhaa na kuufunga. Lakini baada ya kitambo nikaacha kutafuta la kusema, nikaanza kumwona mtu aliyekuwa mbele yangu. Alikuwa amekonda. Midomo ilikuwa imekauka.

Mwishowe yeye ndiye alisema. "Yoeli alikuwa anaogopa mbuzi," akasema. "Mwanaume mzima, askari, akiona mbuzi anavuka barabara."

Tukacheka, yeye naye akacheka huku machozi yanateremka. Akatueleza habari za Yoeli mpaka alipotosheka, na sisi tukasikiliza. Halafu akaangalia ile sufuria.

"Mmeleta nini?"

Nikasema haraka, kabla Mama Shiru hajafunua, "Ni kuku, Mama Rivka. Amechinjwa Landless, na ana maziwa."

Aliweka mkono juu ya leso, sufuria bado ina moto. "Asante," alimwambia Mama Shiru. "Siwezi kumla, lakini umenichinjia kuku wako. Hilo nimelipokea." Majirani wa Ngoliba nao walikuwa wameleta ugali na nyama, naye akawashukuru na kuwapa wafanyakazi wa shamba. Chakula cha wenzake wa Nairobi kilikuwa kimekwisha. Alikuwa akila biskuti na chai ya rangi, kwa maana kwao mwenye msiba hapiki, hupikiwa.

"Mbona hukuniambia kwenye simu?" nikamkaripia.

"Ungefanya nini?"

"Ningekuja juzi!"

Nikaingia jikoni. Kwenye debe kulikuwa na ndengu za shambani na mayai kwenye trei, na sufuria nilizijua kama zangu. Nilichambua ndengu, nikaosha, nikakata kitunguu, nikaweka kila kitu juu ya jiko la gesi. Halafu nikarudi sebuleni na kiberiti na kumpa mkono ainuke.

Mama Shiru alishangaa. "Unamwinua wa nini? Si uwashe tu!"

"Moto lazima awashe yeye, ndipo chakula nilichopika mimi kiwe halali kwake, ndiyo sheria yao." Kule Gatongora tulifanya hivyo kila siku. Mwanzo nilidhani anaona ninamalizia gesi, nikakasirika wiki nzima.

Mama Rivka akaja jikoni polepole, akawasha, akasimama kidogo akiangalia ule moto wa buluu. "Umekumbuka," akasema. Nikageuka upande kwa sababu machozi yalinijaa.

Alikula ndengu na mayai ya kuchemsha, sahani mbili. Akasema hata kwao chakula cha msiba huwa ni namna hiyo, mayai na punje za mviringo kama ndengu. Mama Shiru alikula kuku wake nje na wafanyakazi, na nikamsikia akiwafundisha mambo ya kola ya shati kana kwamba amezaliwa nayo.

Jumatano asubuhi, shambani. Tulilala hapo, na kulipokucha Mama Rivka alitueleza kwamba siku ya saba imefika. Atakaa kidogo tu, halafu watu humwambia mfiwa asimame, na kumtoa nje, na kutembea naye, ili arudi kwa walio hai. "Nilidhani nitajisimamisha mwenyewe," akasema.

Mama Shiru hakungoja. Akamshika mkono mmoja, mimi nikashika wa pili. "Simama, mama," akamwambia kwa upole ambao sikujua anao. Akasimama. Tukatoka naye kwa jua la asubuhi, tukazunguka shamba mstari kwa mstari, mipira ikidondosha maji miguuni pa mipapai.

Tulipofika mwisho wa shamba, akasimama. "Mama Nafula, pasta wako amekutuma na neno. Limekukwama tangu jana, naliona. Sema."

Yale niliyopanga kwenye pikapu yote yalipotea. Nikamwambia tu kwamba Baba Nafula alipokufa akaniacha na mtoto mgongoni na kodi ya nyumba, Yesu ndiye aliyekaa na mimi chini. Nikamwambia naamini ndiye Masihi ambaye watu wake walimngoja, kwamba alikufa kwa ajili yangu na kwa ajili yake pia, akafufuka. Kwamba alizaliwa kwao, na mama yake bila shaka aliwasha taa za Sabato Ijumaa jioni kama Mama Rivka anavyowasha. Na kwamba Yesu mwenyewe, rafiki yake alipofariki, alilia mbele za watu. "Sijui kuhubiri," nikamalizia. "Ni hayo tu. Nilikuwa naogopa utafunga lango."

Alinyamaza. Mimi nami nikanyamaza, nilikuwa nimeshajifunza.

"Nyanya yangu alipokuwa msichana," akasema, "watu walikuja mtaani kwao na fimbo na moto, kuwapiga Wayahudi. Walikuwa wanaimba jina hilo. Yeye alijificha ndani ya pipa la kabichi, akasikia yote. Mpaka anakufa, hakutaka litajwe nyumbani kwake. Jana mlipoingia mkiimba, nilikuwa kwenye kreti, nikamkumbuka yeye."

Mama Shiru alishika mdomo kwa mikono yote miwili. "Ngai wangu. Na sisi tukaja tukipiga makofi."

"Ndiyo," alisema Mama Rivka. Akamtazama, na nikaona tabasamu likianza pembeni mwa macho. "Lakini wale hawakuja na sindano ya kunishonea shati."

Hapo hakuna aliyeweza kujizuia, tukalia wote watatu, katikati ya mipapai, wafanyakazi wakituangalia.

Baadaye alinipangusa uso kwa kiganja chake. "Mimi ni Myahudi, Mama Nafula, na nitakufa Myahudi. Usiende na matumaini ya uongo. Lakini maisha yangu yote, nikisikia jina hilo, nimekuwa na nyanya tu wa kumkumbuka ndani ya pipa. Sasa nitakuwa na mtu mwingine."

Sikubishana. Nilimwambia pole kwa ajili ya nyanya yake, na nikamaanisha.

Tulirudi na Baba Kimani jioni, kupitia Thika, mapapai mawili kwa kila mtu. Mpaka Landless, Mama Shiru hakusema neno, na Baba Kimani aliniuliza kwa siri kama ni mgonjwa.

Jumapili Pasta aliniuliza mbele ya kina mama, "Ulisema?"

"Nilisema."

"Akampokea Bwana?"

"Bado, Pasta. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanieleza kwa nini jina hilo huwatisha watu wake." Nikasimulia yote. Pasta akasema kwamba katika chuo cha uchungaji hakuna aliyemwambia habari za pipa. Kina mama wengi wakataka twende tena mapapai yakiiva. Mama Shiru, aliyekuwa ametoka Landless makusudi, akasimama na kuwapangia: hakuna wimbo langoni, hakuna nyama, na mtu yeyote asifungue mdomo kabla ya mwenyeji. Wakamcheka, yeye huyo wa kufundisha watu kunyamaza!

Nilikwenda nikidhani neno liko kinywani mwangu na kazi ni kulifikisha. Kumbe lilikuwa limetangulia miaka mingi, kwenye sinki ya Gatongora, kwenye kiberiti, na sikujua kwamba mwenzangu alikuwa akiliangalia. Bado natamani ampokee Masihi wangu, sitaficha. Ijumaa jioni jua likishuka najua anawasha mishumaa yake, na mimi huacha ninachofanya nikamwombea. Juzi aliniambia kwamba naye, saa hiyo hiyo, hutaja jina langu. Sikumuuliza ananiombea nini. Nilimuuliza tu nije lini, na kama kiberiti kipo.