Vua Viatu, Mashine Ziko Ndani

Mume wangu Mabonga ana ugonjwa wa kompyuta kuukuu. Ofisi ikitupa, shule ikitupa, huyo, amefika na mkokoteni. Chumba chetu cha nyuma hapa Langas kimejaa zile skrini nzito za mgongo mkubwa, kibodi zilizogeuka manjano, na waya mpaka basi. Kila mashine ameifunika kitambaa cha kroshia. Vitambaa vyangu, jameni! Nilivishonea makochi.

Na ole wako uingie na viatu. Zamani alifundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini, na siku hizo hakuna mtu alikanyaga chumba cha kompyuta na viatu. Walisema vumbi lingeua mashine. Wanafunzi walipanga viatu mlangoni, wakaingia na soksi zao zilizotoboka, kimya kama wako kanisani. Chuo kilipofungwa, Mabonga aliokota zile mashine, akaleta na sheria yake. Mimi Nanzala sikuwahi kuvua. Nyumba ni yangu, nimvulie nani viatu?

Mwezi jana mama yangu akaugua, ikabidi aje tukae naye. Chumba cha kumweka ni kile tu. Nikamwambia Mabonga, "Chagua. Ni mama au ni mashine."

Hakubishana. Alikaa huko ndani jioni nzima akipangusa skrini moja moja. Roho iliniuma, haki, lakini mama ni mama.

Jumamosi akaja Kimeli, mtu wa skrapu kutoka Soy, gambuti zimejaa matope, nyundo kubwa begani. Hao watu hupasua kila kitu papo hapo, shaba huku, plastiki kule. Mabonga alikuwa amejikunyata ndani na mvi zake. Alisema kitu kimoja tu, bila hata kugeuka: "Kuvunja, nenda ukavunjie mbali. Sitaki kusikia."

Kimeli akachungulia mlangoni. Akaona zile mashine zimepangwa mstari chini ya vitambaa. Akaweka nyundo chini. Akainama, akavuta gambuti moja, akavuta ya pili, akazisimamisha kando ya ukuta. Hakuna aliyemwambia.

"Mwalimu?" akauliza. "Ni wewe? Kule chuoni mimi nilikuwa nakaa kwa ile ya dirishani."

Mabonga akamwangalia, akacheka huku machozi yanamtoka. Akaifunua ile ya dirishani, akaiwasha. Ikanguruma, ikakohoa, ikalia mara moja, na maandishi meupe yakatokea. Kimeli akavuta stuli, akaandika jina lake polepole kwa vidole viwili.

"Hii naweka kwangu nyumbani," akasema. "Hizo zingine, Mwalimu, usinichukie. Ndiyo kazi yangu."

"Najua," Mabonga akamjibu. "Lakini kwanza andika tena."

Mimi nilikuwa nawaletea chai. Nikafika mlangoni na trei, nikaona gambuti za Kimeli na malapa ya mume wangu zimekaa pamoja, na hicho chumba cha kompyuta kesho hakitakuwako tena. Nikaweka trei chini, nikavua viatu vyangu.