Taharuki ya Mwalimu

Miguu inaniuma tangu jana, na sokoni siinui uso. Nawaambieni mwenyewe kabla majirani hawajawaambia.

Mwalimu aliyepanga chumba kwangu hapa Mbaha, kando ya ziwa, alikuwa uani anaongea na simu. Nikamsikia: "Kwanza mbwa akatae maji ya ziwa. Watu wapuuze. Halafu samaki wadogo, usipa, waruke wenyewe nchi kavu. Taharuki ipande polepole, mpaka ziwa limeze kijiji."

Nikamtazama mbwa wangu. Bakuli lake la maji halijaguswa.

Wajukuu zangu wanalala karibu kabisa na ziwa. Sikuuliza kitu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwambia walimu wameshaambiwa, sisi tunafichwa. Jioni nusu ya kijiji tulikuwa tunapanda mlima na magodoro, mimi mbele, nawafokea wanaochelewa.

Mwalimu akatukuta njiani akitoka shule. "Shikamoo, Bibi. Mnahamia wapi?"

"Marahaba. Si wewe uliyesema ziwa litatumeza?"

Akashika mdomo. "Jamani, Bibi! Ile ni hadithi naitunga, ya ziwa lenye akili, miaka mingi ijayo. Mbwa ni dalili tu, ili msomaji aanze kuogopa mapema."

"Hata asiyesoma ameogopa," alisema mwenyekiti, godoro kichwani. "Na mbwa wako, Bibi, mbona hakunywa?"

Hapo ndipo nikakumbuka uji niliompa asubuhi. Mbwa mwenyewe alikuwa nyuma yetu, kichwa ndani ya ndoo ya mwenyekiti, anakunywa maji ya ziwa lile lile.