Usiondoe Mkono

Kama hukuwahi kumwona Nyundo akimfukuza mzazi wodini, wewe bado hujaona kitu. Cheo chake kilikuwa Sista Mkuu wa chumba cha dharura cha watoto, lakini hicho kilikaa kwenye karatasi tu. Madaktari, wafagizi, hata watoto waliolazwa zaidi ya mara moja, wote walimwita Nyundo. Mkono wake ulikuwa mzito kwa kila kitu isipokuwa sindano. Hapo mtoto alibaki anashangaa, ameshachomwa au bado? Mumewe, dereva wa lori, jitu lenye sauti ya kutikisa madirisha, akirudi nyumbani alivua viatu nje na kubisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Na mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao, hakuchoka kumwambia, "Mwanangu, wewe ulizaliwa umekunja ngumi. Mkunga ni shahidi wangu."

Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, na nadhani walikuwa wanamsema yeye. Miaka kumi na mmoja nyuma, fundi viatu mmoja aliingia chumbani akamkuta Nyundo anakandamiza kifua cha mwanawe wa miezi tisa. Yule baba hakuona tiba, aliona mwanamke anamponda mtoto wake. Akang'oa chuma cha kutundikia dripu na kumtwanga nacho usoni. Mtoto akafa, fundi viatu akafungwa miaka minne. Hospitali nzima ikasema amemuua mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, na Nyundo hakumkatalia mtu.

Tangu siku hiyo akawa na sheria moja: mzazi nje. Alimwita fundi wa kuchomelea, akamtengenezea komeo la nondo, nene na refu, linalopachikwa mlangoni kwa ndani. Mtoto akiletwa mahututi, komeo linashuka. Baba agonge, atukane, alie, shauri yake.

Basi uongozi ukampeleka kozi. Siku tano, wauguzi na madaktari kumi na wanane kutoka hospitali mbalimbali, mafunzo ya juu ya kumhudumia mtoto aliye kati ya kufa na kupona. Mwalimu wao alikuwa daktari wa watoto, mwanamke mwembamba wa kupeperushwa na feni, lakini akisema "Anza!" hata mabingwa wenye mvi walipiga magoti mbele ya mwanasesere wa mpira. Huko ukiamriwa dawa unairudia kwa sauti kabla hujaivuta. Ukikandamiza kifua unahesabu kila mtu asikie. Mtoto mdogo unamkandamiza kwa mkono mmoja, unatosha. Siku ya pili wakapewa mapaja ya kuku wajifunze kuingiza sindano mfupani, maana mtoto aliyekaukiwa maji mishipa yake hunywea isionekane, lakini uboho ulio ndani ya mfupa haunywei, nao hupokea maji kama mshipa. Nyundo aliwashinda wote. Alizungusha sindano mara tatu, ikazama, na kuku wa watu akawa ametibiwa.

Siku ya nne ndipo mambo yalipoharibika.

"Mzazi haondoki," alisema Mwalimu. "Anabaki chumbani, na mmoja wenu anasimama naye, anamwambia kila kinachofanyika."

Nyundo alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Mwalimu, heshima yako naitunza, lakini wewe hujapigwa."

"Nimepigwa mara mbili. Kwako wewe, baba yuko nje, mlango umefungwa, mwanawe analia ndani. Unadhani anafikiri nini?"

"Sijali anafikiri nini."

"Utajali," alisema Mwalimu. "Na sikieni, nyote. Litokee litakalotokea, mkono usitoke kwa mtoto. Ukikiacha kifua, damu uliyokuwa unaipeleka kichwani inasimama. Ukirudi unaanza upya, na huenda wa kuanza naye hayupo tena."

Nyundo akashika kovu lake. Hakuna aliyemwangalia.

Mtihani ulikuwa siku ya tano. Tabibu mmoja, pande la mtu, alipewa kazi ya kuigiza baba mwenye hasira. Nyundo akiwa kifuani kwa mwanasesere, hesabu imenoga, tabibu akaja nyuma yake akampiga kikumbo. Kikumbo cha maigizo tu, jamani! Nyundo alimwacha mwanasesere, akageuka, akampiga kichwa cha mdomo. Jino likaruka. Tabibu akaangukia meza, ikapinduka naye, damu kifuani, na Nyundo akamfuata hukohuko chini mpaka watu wanne wakamtoa.

Mwalimu alikuwa ameshika saa. "Sekunde arobaini na mbili," alisema. "Mtoto wako amekufa."

Akapewa mwezi mmoja arudie mtihani huo, la sivyo chumba cha dharura atakisikia kwa watu. Nyumbani mama yake alimpokea mlangoni. "Umefaulu?"

"Nimemvunja mtu jino."

"Hilo sikukuuliza," alisema mama.

Wiki ya tatu, asubuhi ya Jumatatu, kelele zilianzia getini. Mchinjaji mmoja alikuwa ametoka moja kwa moja machinjioni, viatu vya mpira miguuni, aproni imelowa damu ya ng'ombe, mwanawe wa miaka miwili begani. Mtoto alikuwa ametapika na kuharisha siku tatu. Mapokezi walimwambia asubiri zamu yake. Akamzaba karani kofi lililomlaza juu ya mafaili. Mlinzi alipokuja kuamua, mdogo wake mchinjaji, aliyekuwa amefuatana naye, akamvunja pua. Walipofika chumba cha dharura walikuwa wameacha watu wawili chini.

Nyundo alimpokonya mtoto mikononi mwa baba yake kama anayenyang'anya kisu. "Nje!" Akamsukuma, mlango ukafungwa.

Aliyekuwa naye zamu ni muuguzi aliyeitwa Bwana Harusi, kwa sababu hata siku ya kuosha mabeseni alivaa viatu vya kung'aa. "Sista," alisema, "si kozi ilisema baba—"

"Kozi haina kovu. Shusha komeo!"

Komeo likashuka. Mtoto hakulia. Macho yalikuwa yameingia ndani, miguu baridi hadi magotini, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Nyundo akatafuta mshipa mkono wa kulia, hakuna. Wa kushoto, hakuna. Nje mlango ulikuwa unapigwa mateke mpaka plasta inadondoka ukutani.

"Mfupa," alisema Nyundo.

"Mfupa," akarudia Bwana Harusi, akamkabidhi sindano.

Sehemu ya juu ya mlango ilikuwa ya kioo. Mchinjaji akachungulia, akamwona mwanamke ameinama juu ya mwanawe, anamzungushia chuma kwenye mfupa wa mguu, na mtoto hapigi hata kelele. We ungefanya nini? Alikivunja kioo kwa kiwiko, akapenyeza mkono huku vigae vinamchana nyama, akalinyanyua komeo, akalivuta. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nondo ile aliyoitengeneza Nyundo kuzuia akina baba sasa ilikuwa mkononi mwa baba.

Pigo la kwanza lilitua begani, na mfupa ukalia kwa sauti ambayo Bwana Harusi aliisikia. Huyo Bwana Harusi alijaribu kuingilia kati. Mdogo wake mchinjaji akamkamata kwa ukosi na kumtupa juu ya kabati la dawa, chupa zikamwagika na kupasuka. Pigo la pili lilimpata Nyundo kisogoni. Damu ikamtiririka shingoni, ikadondokea shuka.

Sindano ilikuwa imeshazama. Kwa mkono uliobaki Nyundo aliunganisha mpira wa dripu. Na hapo, nisikufiche, kila kiungo chake kilitaka kugeuka. Alimtaka yule mtu. Alitaka kumng'oa macho.

Lakini alijua kinachofuata, kwa sababu alishakifanya. Siku ile ya fundi viatu, watu walidhani mtoto alikufa palepale pigo lilipotua. Sivyo, mtoto alikuwa bado ana mapigo. Nyundo ndiye aliyemwacha kitandani, akamfukuza yule baba ukumbi mzima, akamnyang'anya chuma chake na kumpiga nacho mpaka walinzi wakamkamata. Aliporudi, mtoto alikuwa amepoa. Hakuna aliyeuliza ni muda gani ulipita. Yeye alijiuliza kila siku kwa miaka kumi na mmoja, na kila alipohesabu alipata zaidi ya sekunde mia mbili.

Mashine ya kuhesabu mapigo ya moyo, ambayo Bwana Harusi alikuwa ameshamuunganishia mtoto, ikaanza kulia. Sabini. Hamsini na nane. Hamsini.

"Moja na mbili na tatu na nne," alihesabu Nyundo, kiganja kimoja juu ya kifua cha mtoto, mkono wa pili unaning'inia. "Bwana Harusi! Hewa!"

Bwana Harusi alitambaa juu ya vigae, mdomo umepasuka, akaudaka mfuko wa hewa. Mchinjaji akainua nondo mara ya tatu.

"Mchinjaji!" Nyundo alinguruma bila kugeuka. "Ukipasua mfupa wa mguu wa ng'ombe, ndani unakuta nini?"

Swali la kazi ni swali la kazi. "Uboho," alisema yule mtu, nondo iko hewani.

"Na uboho umekauka?"

"Unakaukaje? Una damu."

"Basi mishipa ya mwanao imekauka yote, namnywesha maji kwa uboho! Kumi na nne na kumi na tano, hewa! Nikitoa mkono hapa anakufa. Unataka kuniua, niue nikimaliza. Kwanza njoo ushike huo mguu, usitikisike!"

Nondo ikaanguka sakafuni. Mchinjaji akapiga magoti, na mikono iliyozoea miguu ya mafahali ikaushika ule mguu mdogo, ikatulia tuli. Mdogo wake, ambaye hakuelewa lolote, alikuwa bado anakuja na ngumi. Mchinjaji alimpiga kiwiko cha pua bila kuachia mguu.

"Muache, mpumbavu wewe! Anamtibu!"

"Na wewe unayetokwa damu," Nyundo akamwambia yule mdogo, "kamua huo mfuko wa maji. Kamua! Kwani hujawahi kukamua?"

Yule kijana akakamua huku analia. Adrenalini ikaamriwa, ikarudiwa kwa sauti, ikapita mfupani. Nyundo alihesabu. Kila akikandamiza, mfupa wa bega ulisuguana na mwenzake, naye alitukana kati ya namba, matusi ambayo mama yake hakumfundisha. Sitini. Sabini na tano. Akahesabu. Mia na kumi. Mtoto akakohoa, akafungua mdomo, akatoa kilio chembamba cha kukasirika. Daktari alipoingia mbio na askari nyuma yake, mchinjaji hakukamatwa mpaka mtu mwingine alipoushika mguu. Nyundo naye aliambiwa mara tatu, "Sista, basi, moyo unakwenda," na hakuondoa kiganja mpaka yeye mwenyewe alipoanguka.

Siku tatu baadaye alikuwa amelazwa wodi ya wanawake, nyuzi kumi na nne kisogoni, mkono umefungwa kifuani. Mtoto alikuwa anakunywa maziwa na kuwarushia wauguzi kikombe. Koplo wa polisi, mtu mzima aliyekuwa karibu kustaafu, akavuta kiti na kufungua daftari.

"Pole sana, Sista. Huyu mchinjaji tutamfunga kama tulivyomfunga yule fundi viatu. Wewe niambie tu, alipokupiga ulishindwa kumhudumia mtoto, sivyo?"

"Sivyo. Sikumwacha. Andika kwamba mlango niliufunga mimi, kinyume na nilivyofundishwa. Andika kwamba alinivunja bega, maana alinivunja, na bado sijamsamehe. Na andika kwamba yeye ndiye aliyeushika mguu."

Koplo akaandika, akamgeuzia daftari. "Weka sahihi hapa."

"Bado. Fungua ukurasa mwingine."

Akamweleza. Mtoto wa miezi tisa, mapigo yaliyokuwepo, ukumbi, chuma, sekunde mia mbili na zaidi. Alisema yote akitazama dari. Koplo alikuwa ameacha kuandika tangu sentensi ya pili.

"Sista," alisema polepole, "dawa hizo za maumivu zina mambo. Kesi ile ilishafungwa. Yule mtu alishamaliza kifungo, huu ni mwaka wa saba. Kwa nini ujitie kitanzi mwenyewe?"

"Anaishi wapi?"

"Ana kibanda chake nyuma ya soko. Hazungumzi na mtu. Na mkewe alishaondoka zamani."

"Bado anashona viatu?"

"Anashona, lakini wateja wanawatuma watoto wao wapeleke viatu, wenyewe hawaendi. Wanamwita Muua Mwana. Hata mimi namwita hivyo. Jina halisi sijui kama kuna anayelikumbuka."

Nyundo akafumba macho. Koplo alidhani amelala, akaanza kufunga daftari.

"Mimi nalikumbuka," alisema Nyundo. "Liliandikwa kwenye cheti cha mtoto. Chukua kalamu, nikutajie."