Kamba ya Malaika

Wacha niwaambie nicheke kidogo, hata kama miguu bado inauma. Nilikuwa natoka soko ya Subukia kuuza ng'ombe yangu Malaika, nimechoka kabisa, nimebaki na kamba yake tu. Kijana wangu Kimani akanibeba kwa lori yake ya kubebea magari. Njiani tukapakia gari ya bwana mmoja, zile za mbio, iko chini kama kondoo imelala. Kimani akafunga magurudumu tu na mikanda.

"Na kichwa je?" nikauliza.

"Mathe, hiyo inatosha. Pumzika."

Nipumzike aje? Ng'ombe haifungwi miguu ikaachwa kichwa! Hii gari ikianguka, kijana wangu hana kazi. Alipoenda kuongea na mwenye gari, nikapanda na haya magoti yangu, nikafunga pua ya gari kwenye chuma ya lori, huko chini kabisa.

Tukafika Nakuru sisi watatu, pamoja na mwenye gari. Kimani akafungua mikanda, akateremsha gari. Gari ikashuka vizuri. Pua ikang'oka, ikabaki juu ya lori, inaning'inia.

"Nani amefunga hii?" mwenye gari akapiga nduru.

Kimani akashika ile fundo, akanigeukia pole pole.

"Mathe, hii si ni kamba ya Malaika?"