Karani wa Kadi na Ndiva Zake

Karani wa kadi za wagonjwa hulamba kidole gumba, kisha hukohoa kidogo kabla ya kuvuta droo, kama anayebisha hodi. Dina, aliyetoka Dar kusomea shahada ya pili ya kumbukumbu za hospitali, alikuja na namba za kuzipanga upya. Asubuhi hiyo akaingia bibi aliyehamishwa kutoka mlimani hadi kijiji cha ujamaa, cheti chake chenye namba kimepotea.

“Shikamoo, mama. Kule mlimani mlikuwa mkichota maji kwenye ndiva ipi?” karani akamuuliza.

“Marahaba.” Bibi akaitaja ndiva yao, bwawa walilochimba wazee. Karani akavuta droo yenye jina la ndiva hiyo; kadi ikatoka papo hapo.

“Namba hupotea, mwanangu, na watu huhamishwa,” karani alimwambia Dina, “lakini ndiva iko palepale.”

Dina akafunga daftari lake, akalamba kidole gumba, akakohoa kidogo.