Kurasa za Mfereji Nilizoziruka

Mzee niliyekuwa nikimtunza kule Fort Worth alikuwa mhandisi wa madaraja enzi zake. Macho yalipoisha nguvu, kazi yangu ikaongezeka: kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia uji, kisha kumsomea. Si magazeti. Vitabu vinene vya historia, vile vinavyouzwa hadi kwenye viwanja vya ndege: marais waliogombana na Bunge, mabwawa, reli, mfereji uliokata Panama vipande viwili. Utoke kwangu Arlington asubuhi na foleni ile, ufike usome sura nzima ya kumwaga zege! Unahitaji moyo.

Lakini nilivipenda, sitadanganya. Shida ilikuwa moja tu. Katika vitabu vile watu wanakufa ovyo. Unasoma vizuri habari za mashine na baruti, mara homa ya manjano imefagia kambi nzima. Rais anatia sahihi sheria, ukifunua ukurasa, mwanawe yumo jenezani. Na mimi nimelelewa kwamba mbele ya mgonjwa kifo hakitajwi. Kwetu hata jirani akifariki, mgonjwa wa nyumbani huambiwa amesafiri. Basi nikawa naruka. Nikiona homa inakaribia, nafunua kurasa kadhaa na kutua kwenye zege. Hata leo sioni kwamba nilikosa adabu.

Tena nilikuwa na sababu. Daktari alikuwa amemweleza binti yake, na binti akanieleza mimi kwa simu kutoka Houston, kwamba moyo wa baba hautavuka majira ya baridi. "Tafadhali usimwambie," aliniomba. Alitaka kumhamishia kwenye nyumba ya wazee karibu naye, kwa kisingizio cha matibabu. Mzee mwenyewe alitaka kubaki kwake, na kila simu ya Houston ilipolia alinigeuzia uso kana kwamba ningeweza kumtetea. Mimi nani? Usiku nikawa simwachi mume wangu alale kwa kumzungumzia mzee.

"Mama watoto, una-worry kuliko wenye mzee wao," mume wangu aliniambia. "Hiyo ni job tu."

Jumamosi moja binti akaja kumchukua. Akasimama nyuma ya kiti changu, nami nikaanza kusoma kama kawaida. Kumbe alikuwa akifuatilia juu ya bega langu.

"Umeruka kurasa," akasema.

Nilijua amedhani siwezi kusoma, na kwamba nimekuwa nikimlaghai baba yake. Nikamweleza ukweli: kwetu mgonjwa hasomewi vifo.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kitabu hicho nimekisoma mara nyingi kabla macho hayajaharibika," akaniambia. "Najua nani anakufa na anafia wapi. Nilikuwa nangoja nione lini utathubutu kunisomea vifo hivyo." Kisha kicheko kikamwisha, akageuza uso upande wa binti yake. "Na wewe, unaniruka kurasa gani?"

Binti alinitazama, mimi nikatazama blanketi. Mwishowe akamwambia yote, hadi habari ya majira ya baridi. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, akanyoosha mkono ukapapasa hewani mpaka ukampata.

"Basi niache nifie hapa," akasema.

Binti akalia, akakubali. Nikawasikia wakianza kuzungumza polepole, mambo ya mama wa binti, mambo ya mazishi, mzee azikwe wapi na nani aitwe. Walikuwa hawaogopi tena.

Mimi nilitoka nje nikajifungia garini, nikalia kuliko binti mwenyewe. Baba yangu alikufa nyumbani kwetu, mimi nikiwa hapa hapa Arlington. Alijua anakufa, nami nilijua. Kila nilipopiga simu aliniambia anaendelea vizuri, nami nilimjibu kwamba tumshukuru Mungu, kisha tukaongea habari za mvua.